Je, Wajua? Tsunami, Bamvua na Ramani ya Pwani Yako

Je, wajua kwamba tsunami iliwahi kuua watu Pangani? Ni miaka ipatayo elfu moja iliyopita. Karibu na mahali Mto Pangani unapoingia baharini, kaskazini mwa Tanzania, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao kutoka vyuo vya nje walichimba palipokuwa kijiji cha Waswahili wa mwanzo. Walikuta tabaka la mchanga wa bahari lililochanganyika na makombe, vigae vya vyungu na mifupa ya samaki. Ndani ya tabaka hilohilo kulikuwa na mifupa ya watu. Watu hao hawakuzikwa: hakuna kaburi wala dalili ya kulazwa kwa heshima, na mifupa haikuonyesha majeraha ya vita. Walizama. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2020, na hesabu za kompyuta zilielekeza chanzo kwenye tetemeko kubwa upande wa pili wa bahari, Sumatra.

Nimeanza na Pangani kwa sababu bado nawasikia watu wazima, hata wenye vyeo, wakisema tsunami ni mambo ya Wajapani.

Je, wajua tetemeko la Sumatra la 26 Desemba 2004, lililoleta tsunami Bahari ya Hindi yote, lilipiga saa ngapi kwa saa zetu? Dakika mbili kabla ya saa kumi alfajiri. Lilikuwa na ukubwa wa 9.1, na ufa uliopasuka chini ya bahari ulikuwa na urefu wa kilomita zipatazo 1,300. Watu wapatao 230,000 walikufa katika nchi 14. Somalia ilipoteza karibu watu 300, wengi wao katika vijiji vya wavuvi vya Puntland, na mji wa Hafun, uliojengwa kwenye ulimi wa mchanga usio na mwinuko, ukabomolewa. Tanzania walikufa watu wasiopungua 10, Kenya mmoja.

Maji yalichukua takribani saa saba kufika Somalia, na zaidi ya saa nane kufika kwetu. Dunia nzima ilikuwa imeshajua kinachotokea Aceh kisiwani Sumatra, Thailand na Sri Lanka. Kenya, habari zilipofika, polisi waliwaondoa watu kwenye fukwe za Mombasa, na jambo hilo liliokoa maisha. Kwingineko watu waliendelea kuogelea.

Je, wajua kwa nini Bangladesh, iliyo karibu na kitovu kuliko Somalia, iliponea chupuchupu? Ufa wa 2004 ulilala kutoka kusini kwenda kaskazini, na tsunami hutupa nguvu zake nyingi ubavuni mwa ufa, siyo kwenye ncha zake. Kwa hiyo nguvu ilikwenda mashariki na magharibi: Thailand upande mmoja, Sri Lanka, Maldives na Somalia upande mwingine. Anayetathmini hatari ya mji wa pwani haulizi tu tetemeko litakuwa kubwa kiasi gani. Anauliza ufa umeelekea wapi.

Je, wajua mwendo wa tsunami unategemea kina cha maji peke yake? Chukua kina kwa mita, zidisha kwa 9.8, tafuta kipeuo cha pili. Unapata mita kwa sekunde. Penye kina cha mita 4,000, wimbi linakwenda zaidi ya kilomita 700 kwa saa, mwendo unaokaribia ule wa ndege ya abiria. Penye kina cha mita 10, linashuka hadi kilomita 36 kwa saa. Sehemu ya mbele inapopunguza mwendo, ya nyuma bado inasukuma, na maji hayana pa kwenda ila juu. Ndiyo maana nahodha aliye bahari kuu haoni kitu. Setilaiti iliyopita juu ya Bahari ya Hindi saa mbili hivi baada ya tetemeko la 2004 ilipima wimbi la sentimita 60 tu.

Je, wajua siku ile ya 2004 mwezi ulikuwa mpevu? Kila mvuvi anajua maana yake: bamvua. Mombasa na Unguja, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa hufika karibu mita 4. Tsunami ilipofika Kenya na Tanzania mchana, bahari ilikuwa bado chini, maji hayajajaa. Wimbi lilipanda juu ya ufuo mtupu, na sehemu nyingi halikuvuka alama ambayo bahari huifikia yenyewe kila nusu mwezi. Lau lingefika saa kumi jioni, maji yakiwa yamejaa, lingeanzia mita kadhaa juu zaidi, na leo tungekuwa tunasimulia habari nyingine kabisa za Msasani, Kigamboni, Likoni na Lamu. Tathmini iliyofanywa vizuri kwa hiyo hupiga hesabu zake kwa maji kujaa, tena ya bamvua. Ukiona ramani ya hatari ya pwani yetu isiyosema ilipigwa kwa maji gani, uliza.

Je, wajua ramani ya hatari ya tsunami inaweza kuua? Hapa nitakaa kidogo, maana ndilo jambo ninalotaka kila diwani na kila mwalimu wa pwani alijue.

Shule ya Msingi Okawa, kaskazini mashariki mwa Japani, ilikuwa kilomita 4 hivi kutoka baharini, kando ya Mto Kitakami. Kwenye ramani rasmi ilikuwa nje ya eneo la mafuriko. Tena ilitajwa kuwa mahali pa kukimbilia. Tarehe 11 Machi 2011, baada ya tetemeko la ukubwa wa 9, walimu waliwakusanya watoto uwanjani na kubaki hapo kwa takribani dakika 50, wakijadiliana, huku nyuma ya shule kukiwa na kilima. Maji yalikuja kupitia mtoni. Kati ya wanafunzi 108, 74 walikufa au hawakuonekana tena, pamoja na walimu 10. Wazazi walikwenda mahakamani, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Japani iliacha isimame hukumu kwamba mamlaka hazikuwa zimejiandaa ipasavyo, na kwamba hazikupaswa kuishia kwenye ramani.

Siku hiyohiyo, katika mji wa Kamaishi, karibu watoto 3,000 waliokuwa shuleni walipona. Huko profesa Toshitaka Katada alikuwa amewafundisha kwa miaka kadhaa kwamba ramani ni makadirio, na wasiiamini kupita kiasi. Wanafunzi wa sekondari, ambao shule yao nayo ilichorwa nje ya mafuriko, hawakungoja amri. Walikimbia, wakawashika mkono wadogo wa shule ya msingi ya jirani, wakafika mahali palipopangwa, wakaona hapatoshi, wakapanda juu zaidi. Maji yalifika kwenye shule zote mbili.

Mstari wa ramani unaonyesha mwisho wa mafuriko ya tukio lililodhaniwa. Bahari haikusaini popote kwamba itafuata dhana hiyo.

Je, wajua kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi, Japani, kilikuwa kimejiandaa kwa tsunami ya mita 5.7 tu? Iliyokuja 2011 ilikuwa ya mita 14 hadi 15. Kinachouma ni kwamba ushahidi ulikuwepo. Mwaka 869 tsunami kubwa, iitwayo Jogan, ilipiga pwani ileile, na wanajiolojia walikuwa wamechimba tambarare ya Sendai na kukuta mchanga wake kilomita kadhaa ndani ya nchi kavu. Makala yao ilitoka mwaka 2001. Mwaka 2008 wataalamu wa kampuni yenyewe ya umeme iliyomiliki kituo hicho walipiga hesabu wakapata uwezekano wa wimbi la mita 15.7. Ukuta haukuinuliwa.

Je, wajua kwa nini mchanga wa kale una uzito kuliko mashine? Vipimo vya matetemeko vina umri wa karne moja na ushei. Tetemeko la ukubwa wa 9 mahali pamoja linaweza kukaa miaka mia tano, hata elfu, bila kurudi. Kwa mfano, ukitazama kumbukumbu za miaka 100 tu za Pangani, utasema ni salama. Ukichimba, utakutana na waliozama.

Je, wajua hatua za kupima hatari hii? Kwanza chanzo: ufa, volkano au maporomoko. Kisha safari ya wimbi baharini. Kisha mafuriko nchi kavu, mtaa kwa mtaa. Mwisho, nani na nini kipo pale. Wengine huchukua tukio baya kuliko yote linaloweza kuaminika na kuchora mafuriko yake. Wengine huendesha maelfu ya matukio kwenye kompyuta, makubwa na madogo, na kuuliza kila moja lina uwezekano gani. Kanuni za ujenzi za Marekani, kwa majengo muhimu ya Alaska, Hawaii na majimbo ya pwani ya magharibi, hutumia tsunami yenye uwezekano wa asilimia 2 kutokea ndani ya miaka 50. Ukigeuza hesabu, ni ile ya mara moja katika miaka 2,500 hivi.

Je, wajua ni kama robo tu ya sakafu ya bahari duniani iliyopimwa kwa usahihi wa kisasa? Sehemu iliyobaki tunaijua kwa makadirio ya setilaiti. Kwa tsunami hilo ni tatizo zito: mlima wa chini ya maji humega wimbi, na bonde la chini ya maji linaweza kulielekeza kwenye kijiji kimoja na kukiacha cha jirani.

Na nchi kavu je? Ramani za mwinuko zinazotumika sana katika nchi zetu zilitokana na chombo cha anga cha Marekani kilichopima dunia kwa rada Februari 2000. Rada ile ilisoma vilele vya miti na mapaa ya nyumba kana kwamba ni ardhi. Palipo na minazi, mikoko au nyumba zilizobanana, ardhi inaonekana juu kuliko ilivyo kwa mita kadhaa. Mita 2 za uongo kwenye ramani ya mtaa wa uswahilini ni watu wanaoambiwa wako salama ilhali hawako. Dawa ipo: kupima kwa leza kutoka kwenye ndege, au kutuma wapimaji na vifaa vyao kutembea mtaani. Ni gharama, lakini ni gharama ya mara moja.

Je, wajua mito ni mlango wa tsunami? Mwaka 2011 maji yalipanda Mto Kitakami karibu kilomita 50. Sasa fikiria Msimbazi, Mzinga, Pangani, Rufiji, na hori za Tudor na Mtwapa. Mtu anayeishi Jangwani hajihesabu kuwa mtu wa pwani, wakati maji ya chumvi hupanda Msimbazi kila yanapojaa.

Je, wajua bandari inaweza kuumia hata pale ambapo ufukwe haukulowa? Desemba 2004, Salalah, Oman, meli ya makontena Maersk Mandraki, yenye urefu wa mita 285, ilikata kamba zake zote gatini, ikazungushwa na mikondo kwa saa kadhaa huku waongoza meli hawana la kufanya. Toamasina, Madagaska, meli ya mita 50 ilikatika kamba jioni, saa nyingi baada ya wimbi la kwanza, watu wakidhani hatari imekwisha. Kwa hiyo kwa Kilindini, Dar es Salaam, Tanga na Malindi ya Unguja, kimo cha maji hakitoshi. Tathmini ipime mwendo wa mikondo ndani ya bandari, na iseme meli zitoke lini na zisirudi mpaka lini.

Je, wajua maji ya sentimita 30 tu, yakiwa yanakwenda kasi, yanamwangusha mtu? Serikali ya Japani, inapokadiria vifo, huanza kuhesabu kwenye kina hicho. Kwenye mita 1 inachukulia kwamba aliyenaswa hatapona.

Je, wajua si lazima bahari ikauke kwanza? Ikiwa bonde la wimbi ndilo linalotangulia, maji yanakupwa ghafla, samaki wanabaki wakirukaruka mchangani, kama ilivyotokea Thailand. Ikitangulia kilele, kama ilivyokuwa Sri Lanka, maji yanapanda moja kwa moja. Asiyeona maji yakikupwa asijihakikishie.

Je, wajua misitu ya pwani ina kikomo? Mikoko na matumbawe hupunguza nguvu ya wimbi dogo na la wastani, na ni sababu njema ya kuacha kuikata na kuyavunja. Lakini Rikuzentakata, Japani, kulikuwa na misonobari ipatayo 70,000 iliyopandwa ufukweni kuzuia upepo na mawimbi. Baada ya 11 Machi 2011 ulibaki mmoja umesimama.

Je, wajua tsunami inaweza kuja bila tetemeko? Tarehe 22 Desemba 2018 ubavu wa volkano ya Anak Krakatau, Indonesia, ulimeguka ukaanguka baharini usiku. Zaidi ya watu 400 walikufa. Mfumo wa tahadhari, uliokuwa ukisubiri tetemeko, ulinyamaza.

Kwetu nako kuna la kuangalia. Mwaka 2018 volkano mpya ilizaliwa chini ya bahari, kilomita 50 hivi mashariki mwa Mayotte, ikiambatana na mfululizo wa matetemeko yaliyowatoa watu majumbani usiku. Ina kimo cha mita 800 hivi na haikujulikana mpaka meli ya utafiti ilipopita mwaka 2019. Watafiti wa Kifaransa wamepiga hesabu za maporomoko kwenye miteremko ya kisiwa hicho, ambako wimbi lingefika ndani ya dakika, si saa. Mwaka 2020 wanasayansi walitangaza kugundua, kwenye mteremko wa bahari ya Tanzania, mabaki ya poromoko lililopewa jina la Mafia, mojawapo ya makubwa kuliko yote duniani. Lilitokea zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita, kwa hiyo hakuna haja ya kukosa usingizi, ila sasa tunajua mteremko wetu unaweza kumeguka. Na Agosti 12 mwaka huohuo wa 2020, tetemeko la ukubwa wa 6 hivi, kusini mashariki mwa Dar es Salaam, lilitikisa maghorofa ya jiji usiku na kusikika hadi Unguja na Mombasa. Halikuleta tsunami.

Je, wajua hatari inaweza kuongezeka bahari ikiwa ileile? Sensa ya 2002 ilihesabu watu milioni 2.5 hivi Dar es Salaam. Sensa ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Mombasa ilikuwa na 1,208,333 mwaka 2019. Wimbi lilelile la 2004, kwa maji yaleyale, lingekuta hoteli, vibanda, masoko ya samaki na vyumba vya kupanga ambavyo havikuwepo. Tathmini iliyofanywa kwa sensa ya zamani imepitwa na wakati hata kama hesabu zake za maji ni sahihi kabisa.

Je, wajua nani anatoa tahadhari Bahari ya Hindi? Mwaka 2004 hakuna aliyekuwa na kazi hiyo. Tangu 2011 vituo vya Australia, India na Indonesia vinachambua matetemeko na kutuma taarifa kwa nchi zote za bahari hii, zikiwemo Kenya na Tanzania. Kutoka hapo ni kazi ya mamlaka za nchi husika, redio, mkuu wa wilaya, na mtu mwenye kipaza sauti cha msikiti au filimbi ya BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe. Saa nane ni muda mrefu mno kupoteza watu. Kama mtu wa Kunduchi atakufa kwa wimbi lililoanzia Sumatra, sayansi ilishamaliza kazi yake. Kilichokatika ni hatua ya mwisho.

Je, wajua tetemeko la 11 Aprili 2012 karibu na Sumatra lilikuwa na ukubwa wa 8.6? Tahadhari ilitolewa kwa Bahari ya Hindi yote. Wimbi likawa dogo, kwa sababu miamba chini ya bahari ilisuguana ubavu kwa ubavu badala ya kuinua sakafu ya bahari. Wapo waliolalamika kwamba walikimbizwa bure. Mimi siwaungi mkono. Waliokimbia siku ile walifanya zoezi ambalo nchi nyingine hulilipia.

Je, wajua kisiwa cha Simeulue kilikuwa karibu kuliko vyote na kitovu cha 2004? Kilikuwa na watu wapatao 78,000. Walikufa saba. Huko kila mtoto alikuwa amesimuliwa na bibi au babu yake habari za smong, wimbi la mwaka 1907: ardhi ikitikisika sana, kimbilia mlimani, usingoje mtu. Hawakuwa na boya wala king'ora.

Je, wajua Island Bay, Wellington, New Zealand, wamechora mistari ya buluu barabarani kuonyesha tsunami kubwa inayotarajiwa ingeishia wapi? Wenyeji walikaa na wataalamu wakapanga wenyewe njia za kukimbilia. Mtoto anayekwenda shule anauvuka mstari huo kila siku. Rangi na brashi havizidi uwezo wa halmashauri yoyote ya pwani yetu, mradi ramani ya mwinuko iwe ya kweli.

Na pasipo na kilima? Jengo. Shule ya Msingi Ocosta, jimbo la Washington, Marekani, ilijenga ukumbi wa michezo ambao paa lake, tangu 2016, linaweza kubeba watu zaidi ya 1,000 juu ya maji. Kwenye tambarare za Kigamboni au kisiwa cha Pate, hilo ndilo swali la kumuuliza mkandarasi wa shule au msikiti mpya kabla msingi haujamwagwa: paa linapandika, na nguzo zitahimili?

Je, wajua wimbi la kwanza mara nyingi si kubwa kuliko yote? Tarehe 22 Mei 1960 tetemeko la ukubwa wa 9.5, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa, lilipiga Chile. Saa 15 baadaye mawimbi yalifika Hilo, Hawaii. Ving'ora vilikuwa vimelia jioni. Wengi hawakuondoka, wengine waliondoka, wakasikia mawimbi ya mwanzo yalikuwa madogo, wakarudi au wakashuka kwenda kutazama. Kubwa lilifika baada ya saa saba usiku na kuua watu 61. Kwa hiyo ukishapanda juu, baki juu. Anayetangaza mwisho wa hatari ni mamlaka ya hali ya hewa, na inaweza kuchukua nusu siku au zaidi kabla haijafanya hivyo. Beba maji ya kunywa, dawa za wazee na redio yenye betri.